Mmetuuliza: Madawati arobaini, namba ya mhasibu na picha za watoto

SWALI: Ndugu wahariri, asasi yetu iko Kibosho, Moshi. Tulichangisha shilingi 9,600,000 kwa ajili ya madawati 120 ya shule mbili za msingi. Mpaka leo yamefika 80. Sasa kwenye magrupu ya WhatsApp inazunguka sauti ya mtu akisema viongozi wamekula madawati 40. Mwenyekiti anataka tuite waandishi wa habari na tumpeleke mahakamani aliyeanzisha. Tufanyeje? – *Katibu*

JIBU: Ndugu katibu, mtulizeni mwenyekiti wenu kwanza. Mtu aliyesikia 120 akahesabu 80 ana haki ya kuuliza, hata kama ameuliza kwa mdomo mchafu. Mkimjibu kwa barua ya wakili, majirani wataona mna cha kuficha.

Siku ya kwanza ni ya karatasi. Mweka hazina, katibu na mjumbe mmoja wa bodi asiyegusa fedha wakae na taarifa ya benki, mkataba wa fundi, risiti za malipo, na hati za makabidhiano zenye sahihi ya mwalimu mkuu na mhuri wa shule. Wakimaliza, mmoja aende karakana akayaone hayo madawati yaliyobaki kwa macho yake. Asasi nyingi huteleza hapa: asubuhi zinatangaza kwamba fedha zote ziko salama, jioni inagundulika fundi alishalipwa zote na karakana ina mbao tupu. Mkifika hapo, hata mkisema kweli hamsikilizwi.

Mkishajua ukweli, pigeni simu kabla ya kuandika chochote: wafadhili wakubwa, walimu wakuu wote wawili, mtendaji wa kijiji, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri. Huyu wa mwisho husahaulika, ilhali ndiye mtu wa serikali anayezifuatilia asasi huko wilayani. Asiisikie habari yenu kwa wapita njia.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi na uwe na hesabu inayofunga. Tuseme hivi: "Tulipokea 9,600,000 za madawati 120, kila moja 80,000. Madawati 80 yamekabidhiwa, 50 shule moja na 30 nyingine. Fundi amelipwa 6,400,000. Kwa 40 yaliyobaki amepewa nusu, yaani 1,600,000. Benki imebaki 1,600,000. Mbao za 40 hizo hazijakauka, nasi tumekataa yaungwe kwa mbao mbichi kwa sababu viungo hulegea. Yatakabidhiwa tarehe 28." Ambatanisheni picha ya hati za makabidhiano, namba za simu za watu zikiwa zimefunikwa. Msiweke tarehe ambayo fundi hajaithibitisha. Ahadi ya pili ikivunjika, uvumi unapata miguu.

Msemaji awe mmoja, na aandike. Sauti ya kiongozi aliyekasirika hukatwa kipande cha sekunde kumi kikasambazwa peke yake. Maswali ya watu kwenye grupu msiyafute. Na kwa kuwa si kila mzazi yuko WhatsApp, karatasi hiyo hiyo ibandikwe ubao wa matangazo wa shule na wa ofisi ya kijiji, kisha mwombeni mtendaji dakika kumi kwenye mkutano wa kijiji. Waandishi waje siku ya makabidhiano, wakute madawati.

Je, mkikuta fedha kweli hazipo? Semeni hivyo, na mtaje kiasi. Mhusika aondolewe kwenye fedha siku hiyo hiyo, bodi ikae, suala lipelekwe polisi au TAKUKURU, na mfadhili aambiwe na ninyi wenyewe. Mfadhili huvumilia hasara aliyoambiwa mapema. Akija kuigundua mwenyewe, huyo mmempoteza.

SWALI: Michango yetu huingia kwenye namba ya simu ya mhasibu. Ni mwaminifu, hatuna shaka naye. Kuna ubaya? – *Msomaji, Majengo, Moshi*

JIBU: Upo, na wa kwanza kuumia ni huyo mwaminifu. Mtu akituma 20,000, kabla ya kuthibitisha anaona jina la mhasibu, si la asasi. Isitoshe, michango inachanganyika na nauli na ada za watoto wake, na hakuna mkaguzi atakayezitenganisha. Ombeni Lipa Namba yenye jina la asasi. Kwa kawaida mtatakiwa cheti cha usajili, namba ya mlipakodi na muhtasari wa kikao cha bodi. Akaunti ya benki iwe na watia sahihi watatu, na fedha zitoke kwa sahihi za wawili, wasiwe mke na mume. Kila mwezi taarifa ya benki ilinganishwe na daftari la fedha na mtu asiyeliandika daftari hilo. Hundi iliyosainiwa ikiwa tupu "kwa sababu mwenyekiti anasafiri" ni wizi unaosubiri siku yake.

SWALI: Tunaweka mtandaoni picha za watoto tunaowasomesha ili wafadhili waone. Mzazi mmoja amelalamika, ingawa alikubali kwa mdomo. – *Mratibu, Arusha*

JIBU: Iondoeni leo, kisha ndiyo mzungumze naye. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazigusa asasi pia. Ridhaa iwe ya maandishi, kwa Kiswahili, ikieleza picha itatumika wapi na kwa muda gani, na kwamba mzazi akibadili mawazo msaada wa mtoto haukatwi. Sentensi hiyo ya mwisho msiiache, maana wazazi wengi husaini kwa kuogopa kukosa ada.

Na itazameni picha yenyewe kabla ya kuipandisha. Nembo kwenye sweta inataja shule. Jina la kwanza chini yake linamtaja mtoto. Neno "yatima" au "mwathirika" litamfuata mpaka sekondari. Mpigeni picha akiwa na wenzake darasani, nembo isionekane, maelezo yazungumzie kazi iliyofanyika. Mfadhili anayetaka kujua zaidi atumiwe taarifa ya maendeleo bila jina.