Maswali ya wasomaji: Sukari inayopanda baada ya chakula

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 12 na ana kisukari aina ya kwanza. Anachoma insulini inayong'aa kama maji kila kabla ya chakula, na ile nyeupe usiku. Mchana, kabla ya kula, sukari huwa 6 au 7 (mmol/L). Anachoma uniti 6, anakula ugali wa muhogo kwa dagaa au migebuka, na baada ya saa mbili mashine inasoma 16, hata 17. Ikifika jioni imerudi 6. Niongeze dozi?
*Mama, Ujiji*

JIBU: Marahaba mama. Usiongeze. Ile 6 ya jioni inaonyesha kuwa uniti anazochoma zinatosha, ila zinachelewa kufika. Ukizifanya 8, ile 17 itapungua kidogo tu, na kufika saa kumi alasiri mtoto anaweza kushuka chini ya 4.

Insulini hiyo inayong'aa huanza kazi dakika kama 30 baada ya kuchomwa, hupata nguvu zaidi kati ya saa ya pili na ya nne, na huisha baada ya saa 6 hadi 8. Muhogo nao hausubiri. Unga wake ni wanga karibu mtupu, zaidi ya gramu 80 katika kila gramu 100, na protini yake ni kidogo mno. Akichoma sahani ikiwa tayari mbele yake, sukari ya ugali inaingia kwenye damu kabla insulini haijaamka. Kwa hiyo achome dakika 30 kabla ya kula. Nyumbani, mboga ikishaiva na maji ya ugali yakibandikwa jikoni, ndio wakati wa sindano. Achome tu pale chakula kinapokuwa na uhakika. Shuleni ambako chakula huchelewa, awe na sukari au glukosi mfukoni. Akipima kabla ya kula na kukuta chini ya 4, asichome kwanza: apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15, na ikishapanda juu ya 4 achome na ale papo hapo bila kusubiri. (Wanaotumia insulini mpya za haraka sana, dakika 10 hadi 20 zinawatosha.)

La pili ni kipimo cha ugali. "Tonge kadhaa" hazina hesabu. Pima unga kwa mizani kabla ya kusonga, kisha pima ugali ulioiva. Tuseme umetia unga gramu 500, ambao una wanga kama gramu 400, na ugali umetoka na uzito wa gramu 1,400. Hapo kila gramu 100 za ugali zina wanga wa karibu gramu 29, na kipande cha gramu 250 kina kama 70. Kwa uniti 6, hiyo ni uniti 1 kwa kila gramu 12 hivi. Peleka hesabu hiyo kliniki. Wakikubali kwamba ndiyo ya binti yako, siku ya ugali mdogo utajua pa kupunguza. Kama huna mizani, tumia bakuli moja lile lile kila siku, ugali ujae hadi ukingoni.

Aanze na dagaa na mboga, ugali ufuate. Mpangilio huo peke yake hupunguza mruko. Mawese mengi yana hila yake: mafuta huchelewesha chakula tumboni, kwa hiyo saa ya pili inasoma vizuri, halafu saa ya nne au ya tano sukari inapanda.

Stripu (vipande vya kupimia sukari) zikiwa chache, chagua mlo mmoja tu na uufuatilie siku tatu: kabla ya kula, saa mbili baadaye, na kabla ya mlo unaofuata. Ikipanda kisha ikarudi mahali pake, rekebisha muda wa sindano. Ikipanda na kubaki juu hadi mlo unaofuata, hapo ndipo dozi ni ndogo, na kliniki wataipandisha. Tunakusihi sana, usimchome tena kwa sababu ya ile 17 ya saa ya pili. Sindano ya kwanza bado ina nguvu, na mbili zikikutana mtoto anaweza kuzimia.

SWALI: Natumia insulini ya mchanganyiko, 70/30 (asilimia 70 ya polepole, 30 ya haraka), asubuhi uniti 20 na jioni 12. Asubuhi nakunywa chai na maandazi, na msimu wa embe siachi embe. Saa nne asubuhi nakuta 18. Nikiweka asali badala ya sukari?
*Dereva wa bodaboda, Tabora*

JIBU: Asali ya Tabora ni nzuri, lakini kijiko kikubwa kimoja kina wanga wa gramu 17 hivi, nao hupandisha sukari vilevile. Katika uniti zako 20, zile za haraka ni 6 tu, na huwezi kuziongeza bila kuongeza zile 14 za polepole ambazo zitakushusha alasiri ukiwa barabarani. Kwa hiyo kinachobadilika ni sahani. Chai iwe bila sukari, andazi moja badala ya matatu, pamoja na yai au maharage. Embe la wastani lina wanga wa gramu 30 hivi: hamishia nusu yake saa tano, chai ya asubuhi ikiwa imeshatulia. Nawa mikono kabla ya kupima, kwani maji ya embe kidoleni yanaweza kukupa 18 ya uongo.

Chupa viringisha viganjani mara 20 hadi iwe nyeupe sawasawa. Usiitikise. Ikibaki na mabonge, itupe. Na usiiweke mfukoni juani mchana kutwa. Joto huiua taratibu bila dalili ya kuonekana. Mtungi wa udongo wenye unyevu, kivulini, unasaidia pasipo na friji.

SWALI: Sukari ikipanda sana baada ya kula, nitembee ishuke?
*Msomaji, Kasulu*

JIBU: Dakika 15 za kutembea taratibu baada ya chakula zinasaidia. Ila ikiwa juu ya 14 na unatapika, tumbo linauma au unapumua kwa kasi, usitembee na usiache insulini. Pima ketoni (tindikali zinazozidi mwilini insulini ikipungua) ukiweza, kunywa maji, uende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.