Maswali yenu: ejenti (programu za AI, akili bandia, tunazozipa kazi) wakibishana, tumsikize nani?

*Mama wa gesti, Shela: Nina ejenti watatu wa bukingi. Wawili wasema chumba kiko wazi, mmoja akataa. Nifuate wengi?*

Fungua kalenda, dada yangu! Jambo la kuangaliwa kwa macho halipigiwi kura.

*Malindi: Nikiwafanya tisa si watapatia zaidi?*

Hili nalijibu kila mwezi jamani. Condorcet, yule Mfaransa, alipiga hesabu 1785: kila mtu akiwa na nafasi ya kupatia iliyozidi nusu, na kila mtu akiamua kivyake, basi wakiongezeka kura ya wengi inazidi kuwa sahihi, na nafasi hiyo ikiwa chini ya nusu, ukiwaongeza ndio unazidi kupotea. Nyinyi mmeshika "wengi", "kivyake" mmeitupa baharini. Tisa wa modeli moja, yaani ubongo mmoja wa AI, wamesoma mamoja na hukosea pamoja, ni kama pale Mkunguni watu tisa wakwambie boti ya Mokowe haiondoki kumbe wote wamesikia kwa hamali mmoja, sasa hao ni mashahidi tisa ama mmoja? Changanya modeli za kampuni tofauti, na kila mmoja aandike jibu lake kabla hajaona la mwenzake. Na bili ya tisa utalipa wewe, usije kulia kwangu.

*Mwanafunzi, Amu: Wakijadiliana mpaka wakubaliane je?*

Husaidia, 2023 kuna watafiti walionyesha raundi kadhaa za mjadala zinapunguza makosa ya hesabu. Lakini mwanangu hawa wamefunzwa kuridhisha watu, kwa hivyo aliyepatia akibanwa kidogo tu anasema "uko sawa" na kuacha haki yake. Kila anayebadili jibu mdai ushahidi mpya aliouona, hana, mrudishe kwenye jibu lake la kwanza.

*Basi niweke ejenti hakimu?*

Weka, ila mpe majibu mara mbili kwa kuyageuza mpangilio, maana mahakimu hawa hupendelea lililotangulia, na refu hata likiwa porojo.

*Faza: Na mmoja akiwa mwongo?*

Lamport, mtaalamu wa kompyuta, na wenzake walishamaliza hili 1982, kama jumbe hazina saini isiyoghushika, kumshinda msaliti mmoja wataka kundi la wanne, watatu hawatoshi. Pesa za chama usiwaachie hata wakiwa wanne, kitufe cha kutuma abonyeze mweka hazina.

*Nitumie prompti (maagizo ya kuwaandikia) ya kuwapatanisha.*

Sina. Na huyo anayekuuzia inboksi mwambie akuonyeshe kwanza ilipokosea.