Antivirusi: Ya Bure au ya Kulipia?

Fundi wenu wa kompyuta hapa Mombasa ajibu barua za mwezi huu

SWALI: Fundi, assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu, naishi Kisauni. Juzi nilinunua laptopu ya mtumba, zile zitokazo Uingereza, kwenye duka moja la mjini. Ina Windows 10. Muuzaji akasisitiza nilipie antivirusi ya mwaka mzima papo hapo, ati bila hiyo haimalizi mwezi. Mpwa wangu asema hiyo ni biashara tu, iliyomo ndani yatosha. Mimi huandikia mitihani, watoto huifanyia kazi ya shule na kutazama katuni, na flashi naipeleka kupiga chapa saiba. Nilipe, nisilipe?
Mwalimu, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, mwalimu. Usilipe kwanza. Mpwa wako amesema kweli: laptopu yako tayari ina antivirusi. Tangu Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, Microsoft huiweka ndani ya Windows yenyewe. Siku hizi inaitwa Microsoft Defender, hailipiwi na haina tarehe ya kuisha leseni. Andika Windows Security kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua, uangalie ile ngao. Ikiwa na tiki ya kijani, ulinzi unafanya kazi.

Zamani Defender haikuwa na sifa nzuri, na wauzaji wengi bado wanasema yale ya zamani. Ziko maabara zinazozipima antivirusi kwa kuzirushia virusi halisi: AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. Matokeo yao yako mtandaoni na yeyote aweza kuyasoma bila malipo. Kwa miaka kadhaa sasa Defender imekuwa ikipata alama za juu za ulinzi, bega kwa bega na za kulipia kama Bitdefender ya Romania na ESET ya Slovakia. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba hutegemea sana intaneti: ikiitilia shaka faili, huulizia habari zake kwenye kompyuta za Microsoft. Nyumba ambayo bando hununuliwa mara moja kwa wiki hukosa sehemu ya nguvu hiyo.

Kampuni nyingi zenye matoleo mawili, la bure na la kulipia, hutumia injini ileile kutambua virusi katika yote mawili. Pesa yako inanunua vya ziada: VPN (njia ya kuficha shughuli zako za mtandaoni), hifadhi ya nywila, udhibiti wa watoto, leseni ya vifaa kadhaa, na mtu wa kumwuliza ukikwama. Anayevitumia hajapoteza pesa. Ila soma bei ya mwaka wa pili kabla ya kutoa namba ya kadi, kwani ile ya mwaka wa kwanza huwa ya punguzo, na leseni nyingi hujilipia upya zenyewe.

Za bure nazo hazifanani. Avast ya Jamhuri ya Cheki, iliyojaa kwenye kompyuta za watu hapa pwani, ilikuwa ikikusanya habari za tovuti wanazozuru watumiaji wake, kisha kampuni yake tanzu, Jumpshot, inaziuza. Jumpshot ilifungwa Januari 2020. Mwaka 2024 FTC, tume ya biashara ya Marekani, iliagiza Avast ilipe dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza data hizo kwa ajili ya matangazo. Mtu anaweka ulinzi nyumbani kwake, kisha mlinzi ndiye anayepeleka habari zake nje. Jambo hilo liliniuma, na tangu hapo ndugu na jamaa wakiniuliza nawaambia wabaki na Defender.

Sasa nije kwenye lile ambalo muuzaji hakulitaja, nalo ni zito kuliko antivirusi yoyote. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Defender yenyewe imeahidiwa kuendelea kupokea habari za virusi vipya kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, lakini matundu ya Windows, yaani kasoro ambazo virusi hupenyea, hayazibwi tena, isipokuwa kwa aliyejisajili kwenye huduma ya nyongeza, na hiyo kwa sisi watu wa nyumbani ilitangazwa kuwa ya mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Kulipia antivirusi juu ya Windows isiyozibwa ni kutia kufuli jipya mlangoni na dirisha liko wazi.

Dawa ni kuhamia Windows 11, lakini si kila laptopu inakubalika. Kwa hiyo, mwalimu, kabla ya kutoa hata shilingi, fungua Settings, ingia System, kisha About, usome mstari wa Processor, yaani ubongo wa kompyuta. Muuzaji atakwambia "hii ni i5" kana kwamba amemaliza. Hajamaliza. Soma namba inayofuata baada ya kistari. Ikiwa i5-6300U, ile 6 ya mwanzo ni kizazi cha sita, na Microsoft haiikubali kwa Windows 11. Ikiwa i5-8350U, ni kizazi cha nane, yakubalika, na kuhamia Windows 11 ni bure ikiwa Windows yako ina leseni halali. Laptopu mbili za aina hizo huwekwa rafu moja, zinang'aa sawa, na bei hazipishani sana. Ukikuta yako ni ya kizazi cha sita na bado uko ndani ya muda wa kurudisha, irudishe uongeze kidogo uchukue ya nane. Pesa ya antivirusi ingefaa kwenda huko.

Sikiza na hili la flashi, maana kila msimu wa mitihani walimu huniletea ugonjwa huohuo. Umepiga chapa saiba, umerudi nyumbani, umefungua flashi: folda yako ya "Mtihani Gredi ya 7" ipo, lakini kwenye kona yake ya chini kushoto pana kishale kidogo. Ukiangalia ukubwa, ni KB 1 au 2. Hiyo si folda yako. Yako imefichwa, na hiki ni kiungo kilichowekwa mahali pake. Ukikibofya kinaamsha virusi, kisha kinakufungulia folda yako halisi usishuku kitu. Usibofye. Bofya flashi yenyewe kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Scan with Microsoft Defender, usubiri imalize. Na kuanzia leo uwe na flashi mbili. Ya saiba ibebe PDF ya kuchapwa tu, na kila ikirudi nyumbani iformati kabla ya kuweka kitu kingine. Ya pili isitoke nyumbani kabisa.

Ukibaki na akiba, nunua diski ya nje unakili kazi zako kila Ijumaa, kisha uichomoe. Kuichomoa ndiyo kinga yenyewe, kwa sababu virusi vya kudai kikombozi hufunga kila diski vinavyoikuta imeunganishwa. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta duniani kote na kudai dola 300 kwa kila moja, ilhali kiraka cha tundu vilivyopitia Microsoft ilikuwa imekitoa Machi, miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuwa wamesasisha.

Ni lini nitakwambia ulipie? Ikiwa watoto wanaitumia peke yao saa nyingi na wewe uko kazini, na udhibiti wa bure wa Microsoft Family Safety haukutoshi. Au ikiwa nyumba ina laptopu tatu na simu kadhaa na hakuna mtu mwenye muda wa kuzishughulikia. Hapo lipa, ila nunua kwenye tovuti ya kampuni yenyewe.

SWALI: Naoka keki nyumbani Bamburi na hesabu zangu zote ziko kwenye kompyuta. Kwa kuogopa virusi nimeweka AVG, Avira na Malwarebytes, zote za bure. Sasa inachukua robo saa kuwaka na Excel inaganda. Niongeze RAM?
Mama Keki, Bamburi

JIBU: Mama, RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, iache kwanza. AVG na Avira zote mbili hukagua kila faili pale inapofunguliwa. Ukifungua hesabu zako, mbili hizo zinaing'ang'ania faili moja kwa wakati mmoja, na Excel inangoja. Kuziweka pamoja hakuongezi ulinzi. Nenda Settings, Apps, uiondoe moja, uwashe upya, kisha ya pili, uwashe upya tena. Defender ilikuwa imejizima kuzipisha, itarudi yenyewe. Hakikisha kwa ile ngao niliyomweleza mwalimu. Malwarebytes waweza kuiacha: muda wake wa majaribio ukiisha, ile ya bure hukagua ukiiamuru tu, haikai mlangoni. Kama bado inajikokota baada ya hapo, badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD, diski ya kasi isiyo na kitu cha kuzunguka ndani. Utaona tofauti kubwa kuliko RAM.

SWALI: Fundi, kuna jamaa anauza antivirusi ya kulipia iliyokrakiwa kwa shilingi 200. Maagizo yasema nizime Defender kwanza ndipo niiweke. Nishaiweka. Kuna shida?
Kijana wa Likoni

JIBU: Ndugu yangu, iko shida. Umezima ulinzi ili uingize programu iliyochokonolewa na mtu usiyemjua, nayo sasa ina mamlaka juu ya kompyuta nzima. Ichomoe kwenye intaneti leo. Chukua simu yako, badilisha nywila ya barua pepe kwanza, maana kupitia hiyo mtu aweza kufungua akaunti zako nyingine zote. Kisha eCitizen, iTax na mitandao ya kijamii. Kwenye kompyuta, iondoe hiyo programu, iwashe Defender, ingia Scan options, chagua Microsoft Defender Offline scan. Itazima na kuwaka yenyewe na kukagua kabla Windows haijaamka, kwa takriban dakika 15.

Hata isipopata kitu, mimi ningeweka Windows upya. Nakili picha na nyaraka zako peke yake, usichukue faili yoyote ya programu. Kisha pakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft, uiweke kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, na kazi hiyo ya kuiandaa flashi uifanye kwenye kompyuta nyingine, si hiyo yako.