Mnaoanza kazi za umeme wa kuvuka mpaka, anzieni kwenye mita

Vijana wengi wanaingia hii kazi sheria ya umeme ya Uganda ya 1999 wanayo kichwani hadi vifungu, watakwambia 2001 shirika la umeme lilivunjwa yakatoka matatu, halafu ukimuuliza mita ya umeme unaoenda Kenya iko upande gani wa laini anakutazama tu. Ndugu yangu, pesa iko pale kwenye mita.

Sheria si ngumu. ERA, mdhibiti wa umeme, inatoa leseni na kupitisha bei, UETCL, kampuni ya serikali ya kusafirisha umeme, inanunua kwa wazalishaji na kufanya biashara na majirani, na juu yao kuna EAPP, umoja wa gridi za Afrika Mashariki, ulianza 2005 makao yake Addis Ababa, sisi tukaingia 2012. Soma kanuni zao za gridi polepole, utazielewa.

Kinachosumbua ni kwamba stima haisomi mkataba. Tuseme mmeandikiana megawati 50, mita inaonyesha 63, kumbe kwa jirani mashine imezima na mabwawa yetu ya Jinja yamemwongezea yenyewe, maana gridi zikishaungana zinapumua pamoja, mapigo 50 kwa sekunde (hezi 50). Hizo 13 za juu zinalipwaje? Soma mkataba wako kabla ya kujibu. Wengi hurudishiana umeme kwa umeme, sasa wewe kubali mtu achukue saa mbili usiku watu wanapika halafu akurudishie saa nane usiku watu wamelala, uone bosi atakavyokuita.

Mimi mwaka wangu wa kwanza niliaibishwa na saa. Rwanda iko nyuma yetu saa moja, mimi ratiba nzima nimeijaza kwa saa ya Kampala, na juu ya hapo nimeandika "saa 1 jioni" kwa mtu anayesoma 19:00. Siku nzima hesabu hazikutani! Tangu hapo naandika saa 24 na jina la mji pembeni.

Kuhusu bei, tangu bwawa la Karuma lije na megawati zake 600 kila mtu anasema tuuze nje, sawa, ila uliza kwanza laini inabeba ngapi. Halafu kuna mikataba ya wazalishaji ambayo umeme ukiwepo unalipiwa hata usipochukuliwa, ndo maana kuuza usiku kwa bei ya chini saa zingine kuna akili kuliko inavyoonekana. Na Kigali ikinunua stima ya Ethiopia inaweza kupita Kenya na kwetu, kwa hiyo ada ya njia na ule umeme unaopotea njiani viandikwe mapema, msianze kuulizana wakati umeshapita.

Mambo ya mnada wa umeme wa kesho, yaani kununua leo umeme utakaotumika kesho, wenzetu wa SAPP, umoja wa gridi za kusini mwa Afrika, wanafanya, jifunze kwao, lakini huku bado kazi kubwa ni mikataba ya wawili wawili.

Na namba ya kontroli rumu ya jirani iwe kwenye simu yako. Mkenya mtaongea Kiswahili dakika mbili yameisha, Addis jiandae kuandika barua.