Uigaji Ukikesha, Usikimbilie Kununua Kompyuta

Vijana ambao uigaji wao, yaani kuiga mwenendo wa kifaa kwa hesabu za kompyuta, hukesha bila kwisha, wakiniomba ushauri hapa Dar huanza na swali moja: ninunue kompyuta gani? Nami huwauliza: hatua zako za muda, yaani vipande vya muda ambavyo programu huvipigia hesabu kimoja baada ya kingine, ni fupi kwa sababu gani?

Chukua bajaji ya umeme, kazi ninayoifanya mimi. Swichi za inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uifae mota, hufunguka na kufungwa maelfu ya mara kwa sekunde, ilhali joto la betri, hata kwa Februari yetu hii, hupanda taratibu saa nzima. Kama kitu chenye kasi kuliko vyote hutulia kwa maikrosekunde 1 (sehemu ya milioni ya sekunde), mbinu ya kawaida ya Euler, inayokadiria hatua ijayo kwa kasi ya mabadiliko ya sasa, haikuruhusu hatua ya kuzidi maikrosekunde 2, hata kitu hicho kikishatulia. Safari ya saa 1 inakuwa hatua bilioni 1.8! Ni daladala inayosimama kila mlango toka Mbezi, na abiria wote wanashukia Posta.

Jipime hivi: legeza kosa unalokubali, toka 10⁻⁶ hadi 10⁻³. Hatua zisipopungua sana, kinachokubana ni uthabiti (hesabu isilipuke), wala si usahihi. Curtiss na Hirschfelder walilieleza tatizo hili tangu 1952, kwa hiyo usijione una mkosi. Kwenye SciPy, maktaba ya hesabu ya Python, achana na mbinu ya RK45, tumia BDF au Radau, zinazobaki thabiti hata kwa hatua ndefu.

Kila hatua itakuwa ghali zaidi, ila hatua zenyewe zitakuwa chache mno. Gharama imejificha kwenye Jakobiani, matriki inayoonyesha kila mlinganyo hubadilika kiasi gani kila kigeu kikiguswa. Ukiwa na milinganyo 500, programu huikadiria kwa kuiita milinganyo yako mara 500 hivi. Lakini seli ya betri hupashana joto na jirani zake tu, hivyo matriki hiyo imejaa sifuri. Ionyeshe programu sifuri hizo zilipo, kwa chaguo la jac_sparsity. Wengi huishia kabla ya hapa, kisha wanailaumu mbinu.

Swichi ni habari nyingine. Haitulii, na kila ikigeuka programu huanza upya kwa hatua ndogo. Hapo badili modeli: weka wastani wa mzunguko mmoja wa kufunguka na kufungwa badala ya swichi. Angalizo: joto la waya hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo chukua wastani wa mraba, usichukue mraba wa wastani.

Kisha endesha modeli kamili, yenye swichi, kwa vipande vifupi tu vya safari, ulinganishe joto. Anza na kupandisha kwenda Mlimani, ndipo mkondo unapokuwa mkubwa.