Saidia fundi wapya, njooni tuongee kabla ya zege lijalo

Juzi tunamwaga slebu, nimewaona vijana watatu wanaanza siku kwa enaji mbili mbili, tumboni hamna hata andazi. Wadogo zangu, nimebeba karai miaka kumi na tisa. Kaeni hapa.

1. Enaji si chai. Kunywa maji, kula, ndipo upande mirunda.

2. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Toa pumzi unapounyanyua. Ukiibana, presha inaruka.

3. Dawa za presha haziachwi eti "najisikia poa". Na diklofenaki mnazotafuna kama karanga kwa ajili ya mgongo nazo zinaipandisha.

4. Kifua. Hapa nina deni.

Kuna siku moja ya zege, zamani, mimi ndiye niliyekuwa napanga mlolongo wa kupokezana karai. Mwenzangu, mtu wa miaka 46, akashuka akasema kifua kinambana kama kuna mtu amekikalia. Nikamuuliza jana kala nini. Maharage. Nikacheka: gesi hiyo! Nikampa vidonge viwili vya magnesiamu, maana mimi na vidonda vyangu vya tumbo sikosi, nikamkalisha kwenye kivuli cha mikisa, ile mashine ya kuchanganyia zege. Jasho linamtiririka, lakini siku ya zege nani hatoki jasho? Lake lilikuwa la baridi. Nililigusa nilipompa soda, nikalipuuza. Akasema mkono wa kushoto unauma, unapanda hadi tayani. Nikamwambia ni bega la karai. Majibu yote nilikuwa nayo, utadhani nimesomea. Zege halilali, bwana, tukaendelea.

Ilikuwa saa tano. Tulimpeleka hospitali saa kumi. Wakampima umeme wa moyo, daktari akauliza: "Yalianza saa ngapi?" Nikaangalia viatu vyangu, zege limeshakauka.

Hakufa. Ila mshipa wa moyo ulikuwa umeziba, na nyama iliyokosa damu saa zote zile hairudi. Siku hizi ana genge la nyanya nyumbani kwake. Ngazi tatu tu, anahema. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo kifua kikibana, na jasho baridi, au mkono, au taya: anakaa chini, habebi hata koleo, bajaji inaitwa papo hapo. Slebu ibaki nusu. Fundi mkuu akifoka, nitajeni mimi.

5. Kofia ngumu. Mnajua.

Na wewe uliyeficha enaji kwenye ndoo ya misumari, nimeiona.