Dawa ya madoa ya kupuliza: nimeijaribu wiki tatu, kola zimekubali, utomvu wa ndizi umenishinda

Dada uliyeanzisha uzi, umeuliza vitu viwili, kwanza kama hizi dawa za madoa za kupuliza zilizojaa supamaketi siku hizi zinafanya kazi kweli au ni maji ya sabuni kwenye chupa nzuri, pili kama zinafaa kwa nguo za shule. Naona wengi wamekujibu kwa mstari mmoja mmoja, huyu "iko poa sana", yule "wizi mtupu", mi naomba nijibu kwa urefu kidogo maana nimeinunua kwa hela yangu mwenyewe na nimehangaika nayo wiki tatu nzima. Jina la dawa sitaji, sitaki nionekane nawapigia watu debe wala nawaharibia biashara.

Niko Moshi, Pasua. Nyumbani tuko sita, mimi na baba watoto ambaye ni fundi gereji, watoto watatu, na dada anayenisaidia kazi. Mashine ya kufulia hatuna, tunafua kwa mkono, beseni tatu na sabuni ya mche, ya unga tunatumia kulowekea tu. Afu kuna kihamba cha wakwe, yaani shamba la ukoo, huko Kibosho mlimani, tunapanda kwenda jumamosi mbili kwa mwezi, na wale mnaotoka huku mshajua naelekea wapi: ndizi. Nitafika huko.

Nilianza na kola za mashati meupe ya shule maana ndo ugomvi wa kila jumapili jioni. Nikasema safari hii nisidanganywe na macho, nikachukua shati moja la huyu wa darasa la tano, kola upande wa kushoto nikapuliza dawa, upande wa kulia nikapaka sabuni ya mche kama siku zote, nikaacha robo saa, nikasugua pande zote mbili kwa mswaki mkuukuu, nguvu ileile, nikasuuza. Aisee. Upande wa dawa ule mstari wa kahawia ulitoka wote, upande wa mche ukabaki kama umepigwa penseli. Mtoto jumatatu akagoma kulivaa, anasema kola yake ina rangi mbili kama bendera, ikabidi nipulizie na upande wa pili usiku usiku. Kwa hiyo kwenye kola na kwapa sina maneno, inafanya kazi.

Sababu yake alinieleza kijana wangu wa fomu tuu baada ya kusoma maandishi ya nyuma ya chupa, anasema humo ndani mna vimeng'enya, vilevile vya aina ya vinavyomeng'enya chakula tumboni, kuna kinachokata protini na kuna kinachokata mafuta. Uchafu wa kola ni nini, si jasho na mafuta ya mwili na ya kupaka? Ndo maana. Na hapo hapo ndo nikaelewa kwa nini inataka kuachwa ikae, maana we ukipuliza na kusuuza palepale hivyo vimeng'enya havijala chochote. Robo saa ni ya chini kabisa. Halafu usiimwagie maji ya moto yanayochemka ukidhani unaisaidia, vimeng'enya vinakufa kwenye moto, maji ya vuguvugu yanatosha.

Damu. Mtoto wa mwisho anatokwa damu puani hasa hiki kipindi cha baridi, foronya zake ni balaa. Nilikuwa na foronya mbili, moja ya asubuhi ileile nikaisuuza kwa maji baridi kwanza kisha nikapuliza, ikatoka hata sikusugua sana. Ya pili dada alikuwa ameshaimwagia maji ya moto siku mbili nyuma, kwa nia njema kabisa maskini, akijua moto ndo unaua uchafu. Hiyo sasa doa limekaa pale kama chai, nimepuliza mara tatu, limefifia ila lipo. Damu ni kama ute wa yai, ukiitia moto inaganda, na ikigandia ndani ya uzi umeshaingia kwenye kesi nyingine. Maji baridi jamani. Hili hata bila dawa yoyote.

Ovaroli za baba watoto nitazipita haraka. Dawa ilipunguza grisi, sikatai, ila ili ovaroli moja itakate nilitumia karibu robo ya chupa, na chupa nilinunua elfu kumi na mbili. Nyingine nikaipaka sabuni ya maji ya vyombo, kavu kavu kabla ya kugusa maji, nikaikunjakunja nikaiacha nusu saa, matokeo yalikuwa yaleyale. Sasa kwa nini nimwage hela? Oili chafu mpe sabuni ya vyombo. Wino wa biro nao dawa iliusambaza tu ukawa ziwa la bluu, huo utoe kwa spiriti na pamba, kitambaa kikavu kikiwa chini yake.

Manjano, kile kiungo cha mchuzi, ndo yaliyonifurahisha. Tulikuwa na wageni, mchuzi wa kuku ukamwagikia kitambaa cheupe cha meza, nikapaka mche haraka haraka na lile doa la njano likageuka jekundu mbele ya macho yangu, nikapiga kelele nikidhani nimeharibu kitambaa. Kumbe ndo tabia ya manjano, yakikutana na magadi au sabuni kali yanakuwa mekundu, ukisuuza vizuri yanarudi njano. Nikapuliza dawa, mafuta ya mchuzi yakatoka, njano ikabaki. Nikapuliza tena, njano imebaki. Nikakianika kikiwa kibichi nikasema liwalo na liwe. Sasa si mnajua Moshi hii miezi ya baridi, mlima umejifunika, jua linachungulia saa nane linaondoka saa tisa na nusu. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili imefifia. Siku ya nne hamna doa! Jua ndo linaua rangi ya manjano, dawa ilifanya kazi ya kuondoa mafuta tu ili jua lipate njia. Kwa hiyo kama una doa la manjano usikate tamaa, na usilianike kivulini.

Udongo wetu mwekundu usimalizie dawa. Ule wekundu ni chuma, ni kutu yenyewe ndani ya udongo, vimeng'enya havina cha kula hapo na Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, haina kazi kwenye kutu, inaweza hata kuikoleza. Soksi za shule zenye tope mi siku hizi naacha zikauke kabisa, nazipigiza ukutani, nazisugua kwa brashi zikiwa kavu, ndo nazilaza kwenye sabuni. Ukifua tope likiwa bichi unalisukumia ndani.

Haya, utomvu.

Kwa msioujua, utomvu wa mgomba ukitoka ni kama maji, hauna rangi, mtu anakata mkungu unamdondokea begani wala hashtuki. Anaendelea na shughuli zake. Jioni anaona vidoa vya kahawia, kesho vimekuwa vyeusi. Ni jambo lilelile la ndizi mbichi ukiimenya ukaiacha mezani inavyokuwa nyeusi, hewa ndo inaupika ule utomvu, na ukishapikika kwenye pamba umekuwa rangi, si uchafu tena. Kijana wangu alipanda Kibosho na shati lake la kanisani, jipya, sikumwona wakati anatoka, babu yake akamwita wakakate majani ya ng'ombe na mkungu mmoja wa mtori, ile supu yetu ya ndizi. Amerudi jioni shati safi. Jumapili asubuhi nalishika nipige pasi naona bega lote lina madoa kama limepigwa na mvua ya kahawa. Mae!

Nikasema hapa sasa ndo pa kuipima dawa. Nikapuliza, nikaacha nusu saa, nikasugua. Hakuna. Nikapuliza nikaacha saa tatu nimefunika na mfuko lisikauke. Hakuna, nahisi hata lilizidi kukolea. Nikaloweka usiku kucha kwenye sabuni ya unga. Hakuna. Nikakamua limao nikaanika, likafifia kidogo, nikapata kiburi. Hapo ndo nikafanya ujinga ambao nawaomba msiurudie: shati bado lina limao, nikalitia kwenye beseni nikamiminia Jik. Bafu letu lina kadirisha kadogo kama daftari. Ulitoka moshi wa harufu ile ya Jik mara kumi, macho yakawasha, kifua kikabana, nikatoka nje nakohoa mpaka jirani akaja na maji. Jik ikikutana na tindikali, iwe limao iwe siki, inatoa gesi ya klorini, na hiyo si mchezo, inaharibu mapafu. Hata hiyo dawa ya kupuliza usiichanganye na Jik, tumia moja, suuza kabisa, ndo ufikirie nyingine.

Shati baada ya yote hayo lilikuwa na madoa ya kijivu badala ya meusi, na kitambaa cha begani kimelegea unaona mwanga.

Nilivyompelekea mama mkwe hadithi akacheka mpaka akakaa chini. Akanionyesha msumari nyuma ya mlango wa jiko, mashati matatu yananing'inia, mazee, yana ramani ya dunia nzima kwa utomvu. Anasema "haya ni ya migomba, kila anayeingia shambani anavaa haya, na wewe mumeo hajakwambia?" Hajaniambia, miaka kumi na nne ya ndoa. Na yeye akimenya ndizi za mtori anapaka mafuta ya kula mikononi na kwenye kisu kwanza, utomvu ukija unateleza juu ya mafuta, haushiki. Nikajaribu wazo lake kwenye kitambaa kibovu, nikadondoshea utomvu makusudi na palepale nikapaka mafuta ya kula, dakika tano, kisha sabuni ya vyombo, kisha dawa ya kupuliza. Kilibaki kivuli tu cha kahawia, lazima ukitafute. Kwa hiyo dawa inasaidia utomvu ambao bado haujapikika, ila nani atakuwa na chupa ya dawa juu ya mgomba.

Sasa swali lako la nguo za shule. Shati jeupe la pamba au la mchanganyiko, puliza bila wasiwasi. Sweta kama ni la sufu halisi usipulize, sufu ni nywele za kondoo, nywele ni protini, na tumeshasema humo ndani kuna kitu kinachokata protini. Masweta mengi ya shule huku ni ya nyuzi za kiwandani hayana shida, ila angalia lebo. Sketi na kaptula za bluu pulizia kwanza kidogo kwenye upindo kwa ndani, subiri, suuza, ona kama rangi inatoka. Mi sikufanya hivyo kwenye kitenge changu cha zambarau, nilipuliza doa la parachichi nikakiacha juani nikaenda sokoni Mbuyuni, nimerudi dawa imekaukia na pana duara limepauka ukubwa wa kisosi. Chupa imeandikwa kabisa usiache ikauke. Nilisoma baadaye. Doa la parachichi limetoka lakini, sikatai.

Kuhusu bei, ukitumia kwa kola, kwapa, damu na mchuzi tu, chupa moja inafika miezi miwili au zaidi kwa familia kama yangu. Ukimwachia mtu apulizie kila kitu inaisha wiki mbili, dada wangu nilimkuta anapulizia sufuria, sasa nimeificha juu ya kabati.

Na yule mkuu aliyeuliza hapo juu kama inafaa kwenye sofa, sofa sijajaribu. Langu nililichagua la kahawia makusudi.